Kibodi ya Vidole Saba

Mara ya kwanza mfumo ulipolikataa neno la siri la Fredy, hakuna mtu ofisini aliyeinua macho. Watu hukosea. Kidole huteleza, mtu hurudia, kazi huendelea. Mara ya pili ulipolikataa, Shedrack, aliyeianzisha kampuni ile ndogo na kulipia vyumba vyake viwili vya ghorofani mjini Moshi, aliweka chini kikombe cha chai akasogea nyuma ya kiti cha Fredy.

"Polepole," alisema. "Unajua ukikosea mara tatu inajifunga."

"Bosi, sijakosea. Neno ni lilelile."

"Basi liandike lilelile."

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Huko juu, Kibosho, wakulima zaidi ya mia mbili walikuwa wameketi kwenye uwanja wa chama chao cha ushirika tangu asubuhi, simu mkononi, wakingoja malipo ya pili ya kahawa. Malipo hayo yalipitia mfumo ulioandikwa na kampuni ya Shedrack, na mfumo huo ulifunguliwa kwa kompyuta moja tu, laptop iliyokaa mezani karibu na dirisha. Wafanyakazi waliitumia kwa zamu, wote kwa akaunti moja. Asubuhi ilikuwa ya Violet, mchana ya Fredy. Juu yake ukutani ilibandikwa sheria ya ofisi kwa herufi nyekundu: mipangilio isiguswe, na kila mtu aandikie programu kwenye kihariri kimoja, chombo kilekile cha kuandikia, ili mwenzake akikaa asipotee.

Violet alikuwa amesimama mlangoni na mkataba wake wa kazi mkononi, karatasi bado ina joto la printa. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa imekwisha, na Jumatatu angesaini awe mfanyakazi wa kudumu. Eliaichi, mhasibu, ndiye aliyemwita saa tisa kasoro aje aangalie kama jina lake limeandikwa sawasawa, na Violet aliruka kutoka kwenye kile kiti cha dirishani kama mtoto aliyeitwa kujaribishwa nguo ya Krismasi. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Aliondoka bila kuirudisha kibodi ilivyokuwa.

Jambo hilo lilimjia wakati Fredy anafuta jasho la viganja kwenye suruali, tayari kujaribu mara ya tatu. Herufi alizobonyeza Fredy sizo zilizokuwa zikiingia, na kwa kuwa neno la siri huonekana nukta tupu kwenye kioo, maskini hakuwa na njia ya kujua. Violet alitakiwa kusema "ngoja", basi. Alikuwa na muda wa kulisema, na hata wa kulirudia. Lakini hakulisema, kwa sababu angelisema, swali ambalo lingefuata lilikuwa juu ya mkono wake.

Fredy akabonyeza. Mfumo ukajifunga.

Shedrack alipiga simu benki akiwa amesimama, akapiga tena akiwa ameketi. Waliomjibu walimwambia kwamba wa kuufungua wameshatoka na hawarudi mpaka Jumatatu. Halafu simu ya chama ikaanza kuita, na kila mtu ofisini alijua ni nani anayepiga na anataka nini.

"Umekunywa?" Shedrack alimuuliza Fredy.

"Bosi, mimi ninywe? Mchana huu?"

"Nimekuuliza."

"Sijanywa."

"Neno ambalo unaliandika kila siku kwa mwaka mzima, leo limekushinda mara tatu. Nenda nyumbani. Kesho uje unikabidhi funguo."

Eliaichi alimwambia afungue begi lake kabla ya kutoka, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka kwa mtu anayeondoka. Mlikuwa na kopo la chakula, chaja, na kijisoksi cha mtoto mchanga ambacho hata mwenyewe hakujua kimeingiaje. Violet aliangalia pembeni.

Mkono wa kushoto wa Violet una vidole viwili, gumba na kile kidogo. Vitatu vya katikati vilibaki kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, nyumbani kwao, miaka sita iliyopita. Ofisini kila mtu aliuona mkono huo na kila mtu alijitia hauoni, na Violet alishukuru kwa hilo. Siku ya usaili alikuja na laptop yake mwenyewe akaandika programu aliyopewa kabla vijana wenye vidole kumi hawajafika nusu. Hakuna aliyeuliza amewezaje.

Aliweza kwa sababu aliichoka kibodi ya kawaida akatengeneza yake. Kibodi ya kawaida humtaka mtu atumie mikono yote miwili, na herufi nyingi zimekaa palepale ambapo Violet hana kidole. Alipokuwa chuo alikaa likizo nzima na daftari, akihesabu herufi zipi zinajirudia kwenye Kiswahili na zipi kwenye programu, kisha akazihamisha moja moja. Zenye kazi nyingi zikaenda mkono wa kulia. Mabano, ambayo programu haiendi bila hayo, yakasogezwa yafikike kwa gumba. Herufi "a" aliiacha ilipo, chini ya kidole kidogo cha kushoto, kikapata na chenyewe cha kufanya.

Kihariri nacho alikichagua kwa mkono huohuo. Wenzake chuoni walibishana kutwa kipi ni kizuri, chenye rangi, chenye kukukamilishia maneno. Violet alichukua Vim, cha zamani, kioo cheusi kisicho na cha kubofya, wakamcheka kwamba anaandika kama babu. Vihariri vingine humtaka mtu ashike vitufe viwili vitatu kwa pamoja kila anaponakili mstari au kuhifadhi kazi. Vim hupokea kimoja kimoja, kwa zamu, na mwenye vidole saba hahitaji sababu nyingine.

Kwenye laptop ya dirishani aliuweka mpangilio wake kwa siri. Akibonyeza Shift zote mbili pamoja, kibodi inageuka ya kwake. Akizibonyeza tena, inarudi kuwa ya watu. Angeweza kumwomba Shedrack amfungulie akaunti yake, kazi ya dakika kumi. Hakuomba. Kwao, mwenye shida huamka mapema kuliko wenzake, wala haombi kupunguziwa mzigo, na Violet alilelewa hivyo akalelewa sawasawa.

*

Baba yake, Rogath, aliingia nyumbani magharibi hiyo akiwa amekunja gunia tupu kwapani. Mkewe, Dominika, alikuwa anapakua mtori wa ndizi. Violet alikuwa amefika zamani, ameketi kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Rogath alilitupa gunia pembeni. "Hakuna. Tumekaa pale tangu saa mbili, mwisho katibu anatoka anatuambia Jumatatu. Mzee Filemon amelala kwenye nyasi kama mgonjwa."

"Na pumba za ng'ombe?" Dominika aliuliza.

"Nilijua hela inaingia saa yoyote, nikamwambia yule wa dukani anipimie kabisa. Amenipimia, amenifungia. Nilipomwambia haijaingia, akaufungua mfuko akazimwaga tena kwenye pipa. Watu wamejaa pale wananiangalia." Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Wanasema kuna kijana mmoja huko mjini, mlevi, ndiye aliyeharibu."

"Hajalewa, baba," Violet alisema. "Ni mimi."

Aliwaeleza yote. Kuhusu Shift mbili, kuhusu mkataba, kuhusu mara ya tatu. Dominika aliacha upawa ndani ya sufuria. Rogath alisikiliza akiangalia mtori wake unavyoshika utando juu.

"Nani anajua?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi nyamaza."

"Baba."

"Nyamaza mpaka usaini. Ukishasaini, hayo mengine tutaona. Huyo kijana ana vidole vyake vyote. Atapata kazi pengine."

"Wewe mwenyewe umekaa juani kutwa kwa ajili yangu. Hata hukasiriki?"

"Mimi kukaa juani si kitu."

"Ana mtoto mchanga," Violet alisema. "Wamemfungulisha begi."

"Nimesema nyamaza, Violet. Wewe kazi hiyo umeshailipia."

Dominika aliketi taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mumewe alizoea kuyaogopa.

"Nyumba hii imejua kunyamaza," alisema. "Sasa unamrithisha."

Rogath aliusukuma utando wa mtori kando kwa kijiko. Kijiji kizima kilijua kwamba Violet alijikata mwenyewe, kwa kuchezea simu huku analisha mashine. Rogath ndiye aliyemwambia daktari hivyo, mbele ya mashemeji, na maneno yakafika nyumbani kabla ya mgonjwa. Ukweli ulijulikana na hao watatu waliokuwa wakila pamoja. Siku ile Rogath alikuwa na haraka ya kwenda mnadani. Aliifungua kinga ya mashine kwa spana ili majani yapite upesi, akamwambia binti yake asukume, akawasha mota. Tangu hapo aliuza ndama, akauza na mbao za mti wa urithi kihambani, kwenye shamba la ukoo, akamsomesha mpaka diploma. Kila kitu alikitoa, ila hilo moja hakuwahi kulitoa mdomoni.

Violet aliuangalia mkono wake ulivyoshika bakuli. Aliona aibu, maana alichomfanyia Fredy alikuwa amekwisha kufanyiwa yeye, na alijua kinavyokaa ndani ya mtu. Hakumaliza chakula.

*

Jumamosi ofisi ilifunguliwa mpaka saa sita tu. Fredy alikuja kutoka Mabogini kwa baiskeli, matope ya mifereji ya mpunga yamemrukia mpaka magotini, akaweka funguo mezani bila kumsalimia mtu. Shedrack alikuwa anaandika barua ya kumwomba radhi mwenyekiti wa chama. Eliaichi alikuwa anaichapa upya kila ilipobadilishwa.

"Fredy, kaa kidogo pale dirishani," Violet alisema.

"Nikae tena? Ili niharibu nini?"

"Naomba ukae."

Alifungua ukurasa mtupu. Akasimama upande wa pili wa meza, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya watu, akabonyeza Shift zote mbili.

"Andika jina lako."

Fredy aliandika. Kioo kikaonyesha herufi tano zisizosomeka na mtu yeyote. Akatazama vidole vyake, akatazama kioo, akaandika tena, zikatoka zilezile. Violet akabonyeza tena zile Shift.

"Sasa andika."

Likatoka jina lake.

Fredy alicheka kwa pua, mara moja tu, kisha akajifunika uso kwa viganja. "Nilikwambia, bosi," alisema humo ndani ya viganja. "Jana nimelala nikijiuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Mke wangu amenisogelea, nikadhani anataka kunibembeleza. Kumbe ananinusa mdomo."

Hakuna aliyecheka. Shedrack alizunguka meza polepole. Violet alimweleza aliyatengeneza lini yale, na kwa nini, na kwamba Ijumaa alisahau kurudisha. Alieleza bila kulia. Alikuwa amejizoeza njia nzima.

"Ulijua lini?" Shedrack aliuliza.

"Jana."

"Jana saa ngapi? Ulipofika nyumbani ukakumbuka, au vipi?"

Alikuwa amemfungulia mlango, na Violet aliuona. Angesema ndiyo, amekumbuka akiwa nyumbani, na yote yangehesabika kuwa bahati mbaya, na mkataba ungekuwa bado mezani kwa Eliaichi.

"Nilijua kabla hajajaribu mara ya tatu," alisema. "Nilikuwa pale mlangoni."

Shedrack aliketi. Alikuwa mtu mwenye hasira za karibu, na wote walizingoja, lakini hazikuja. Uso wake ulionekana kuchoka tu.

"Mimi hiyo kibodi yako hainisumbui," alisema. "Ungeniambia, ningekufungulia akaunti, ukae na Vim yako, ukitaka hata uandike kwa miguu. Unadhani siku ya usaili sikuona? Nilisema huyu ataniambia mwenyewe akitaka."

"Sikutaka uniajiri kwa huruma."

"Sikukuajiri kwa huruma. Lakini ulimwona mwenzako anazama, ukamwacha."

"Ndiyo."

"Na akaunti moja kwa watu wote, bosi," Fredy alisema ghafla, bado hajatoa mikono usoni, "hiyo tuliipanga sisi?"

Shedrack alitazama ile sheria ukutani. "Hiyo ni yangu," alisema. "Chukua funguo zako. Jumatatu uje kazini kama kawaida." Kisha akamgeukia Violet. "Mwenyekiti anataka malipo yafunguliwe kulekule chamani, wanachama wakiona, na mtu wa hapa awaeleze imekuwaje. Utaeleza wewe. Mshahara wa mwezi utaupata wote. Mkataba hakuna."

Violet alisema asante, kwa sababu hakupata neno jingine, akashuka ngazi. Kwenye kibaraza cha duka la vitambaa chini pale alisimama akalia, wateja wakimpita. Alikuwa ameitaka kazi ile kuliko kitu chochote tangu vidole vyake vikatwe.

*

Jumapili Rogath alienda misa ya kwanza akarudi, akakata majani, akakama. Violet alikuwa amemwambia, "Nimesema, baba, na kazi imeondoka," naye aliitikia kwa kichwa. Jumatatu asubuhi alitoka kabla ya wote. Violet alipofika chamani pamoja na Shedrack na ile laptop, alimwona ameketi benchi la mwisho, kofia magotini.

Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye banda la mabati la kupimia kahawa. Mwenyekiti aliwaonyesha meza. Violet alisimama mbele ya meza.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," waliitikia, wengine kwa shida.

Aliwaeleza kwa maneno mepesi. Kwamba kijana waliyemsikia si mlevi wala hakukosea. Kwamba yeye ndiye aliyezihamisha herufi za kompyuta ili aweze kuandika kwa mkono wake, akasahau kuzirudisha, na alipokumbuka aliogopa kusema. Kwamba wamekaa siku tatu bila hela zao kwa sababu ya woga wake, na anaomba radhi. Minong'ono ikapita kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma. Mwanamke mmoja alisema kwa Kichagga kwamba binti ana uso mkavu huyu. Mwingine akamwambia amwache, amalize.

"Benki wameshatuondolea kufuli. Fungua basi," Shedrack alisema kwa sauti ya chini.

Violet hakujificha safari hii. Alibonyeza Shift zake mbili mbele ya watu wote, akaandika neno la siri kwa vidole saba, na mfumo ukafunguka. Majina yakaanza kupita. Benchi la mbele simu moja ililia, ikafuata nyingine, na vichwa vikaanza kuinama, watu wakisogeza simu mbali na macho ili wasome tarakimu.

Mzee Filemon hakuinama. Simu yake ilikuwa bado kimya. Alikuwa amejiegemeza kwenye fimbo, anamkazia Violet macho.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Naitwa Violet, mzee."

"Jina sijakuuliza. Wa nani?"

Violet alisita. Hakutaka kumtaja baba yake mahali pale, mbele ya watu ambao angekaa nao kwenye benchi lilelile maisha yake yote. Nyuma kabisa benchi likakwaruza sakafu.

"Ni wangu," Rogath alisema. Alikuwa amesimama.

"Yule aliyejikata akichezea simu?" Filemon aligeuka kumtazama. "Basi ndivyo alivyo. Hata kazini hatulii."

"Hakuwa na simu." Rogath aliishika kofia kwa mikono miwili. "Niliifungua kinga ya mashine mimi, kwa spana, nina haraka zangu. Nikamwambia asukume. Mota niliwasha mimi. Halafu nikawaambia nyie ni simu. Mtoto alikuwa na miaka kumi na minane, amelala hospitali, nikamsingizia."

Simu zilikuwa zinalia huku na huku. Waliokuwa karibu naye walinyamaza. Wa mbele walikuwa wanaulizana kama makato ya malipo ni ya mbolea au ya mfuko wa chama, na simu ya Filemon nayo ikalia, akashughulika kuitoa mfukoni. Violet alikuwa ameyangoja maneno yale miaka sita, na alikuwa amedhani siku akiyasikia yatampa raha. Yalimuuma upya, na hasira ikamjia pamoja na huruma, kwa sababu baba yake angeweza kuyasema wakati wowote na hayangemgharimu chochote zaidi ya aibu hii aliyoiona Violet sasa usoni pake.

Aliacha meza, akapita katikati ya mabenchi mpaka kwake.

"Baba, kaa," alisema. "Inatosha."

"Haitoshi. Wengi walikuwa kwenye simu, hawakusikia."

Akangoja pale pale, kofia mkononi, mpaka simu ya mwisho ikanyamaza. Kisha akakohoa, akaanza tena tangu kwenye spana.